Mbeleko Inayopita Kitanda hadi Kitanda: Usafi wa Vyombo vya Kumwinulia Mgonjwa

Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70, ambaye hana nguvu za kujigeuza wala kujiinua, ni mzigo wa aina yake. Mfuko wa saruji wenye uzito wa kilo 50 waweza kukumbatiwa, kuegemezwa kifuani na kutupwa begani. Mwili wa mgonjwa haubebeki hivyo. Una viungo vinavyoning'inia, una ngozi nyepesi inayochubuka kwa kuburutwa juu ya shuka, una maumivu, na zaidi ya yote una utu unaodai kuheshimiwa. Muuguzi anayeinama kuuinua mara kwa mara, siku baada ya siku, huumiza mgongo wake mwenyewe. Na mgongo ukishaumia huwa vigumu kupona kabisa.

Ndiyo sababu katika nchi zenye makao mengi ya wazee, kama Uingereza, kazi hiyo imekabidhiwa mashine. Kanuni za nchi hiyo za mwaka 1992 kuhusu kubeba mizigo kwa mikono ziliwataka waajiri waepushe, kadiri iwezekanavyo, kazi za kuinua zinazoweza kumdhuru mfanyakazi. Mashine ya kumwinulia mgonjwa ikawa chombo cha kawaida katika makao hayo. Imeokoa migongo ya wauguzi na imewaondolea wazee adha ya kuburutwa. Lakini mashine hiyo ina tabia moja inayostahili kuchunguzwa kwa jicho la sayansi: aghalabu haikai kwa mgonjwa mmoja. Hutoka chumba hiki ikaingia chumba kile, na kila inapopita huweza kuchukua abiria wasioonekana kwa macho.

Makala haya yanaeleza jinsi vijidudu vya maradhi vinavyosafiri kwa njia ya vyombo vya namna hiyo, na jinsi safari hiyo inavyoweza kukatizwa. Yanaonyesha pia kwamba swali la kwanza si "itumike dawa gani?" bali ni "je, chombo kimesafishwa?"

Mashine na mbeleko yake

Mashine ya kumwinulia mgonjwa inafanana kidogo na winchi ya bandarini iliyofanywa ndogo. Ina miguu miwili mirefu yenye magurudumu, ambayo huingia chini ya kitanda. Juu ya miguu husimama mlingoti wa chuma, na kwenye mlingoti huo kuna mkono unaopanda na kushuka kwa nguvu ya pampu ya mafuta au ya mota inayoendeshwa kwa betri. Mwishoni mwa mkono kuna upau wenye kulabu. Hapo ndipo huning'inizwa kitambaa kigumu kinachopitishwa chini ya mgongo na mapaja ya mgonjwa.

Kitambaa hicho kinaweza kuitwa mbeleko bila kukosea. Mama wa Kiafrika hufunga mbeleko ili uzito wa mtoto usambae mgongoni mwake na mikono ibaki huru. Kitambaa cha mashine hufanya kazi ileile: huusambaza uzito wa mgonjwa ili usielemee sehemu moja ya mwili. Tofauti ni kwamba mbeleko ya mama ni ya mtoto wake. Mbeleko ya mashine, isipoangaliwa, huwa ya kila mtu.

Sehemu za mashine hazichafuki kwa kiasi kimoja. Mbeleko hugusa mgongo, makalio na mapaja. Hupata jasho, chembe za ngozi iliyokufa, na mara nyingine mkojo, kinyesi au damu ya kidonda. Vishikio na vibonyezo hugusana na mikono ya wauguzi. Upau wenye kulabu huning'inia karibu na uso wa mgonjwa, naye huushika kwa hofu anapoinuliwa. Magurudumu hukusanya nywele, nyuzi na vumbi la sakafuni. Mlingoti, ambao ndio unaoonekana zaidi na ndio unaopendwa kufutwa, ni miongoni mwa sehemu zinazoguswa kidogo kabisa. Kwa hiyo mashine inaweza kung'aa na bado ikawa chafu pale panapohusika.

Safari ya asubuhi moja

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini kila hatua yake inafuata mambo yanayojulikana. Katika makao fulani kuna wazee watatu wanaoinuliwa kila asubuhi kwa mashine moja na mbeleko moja. Mzee wa kwanza ana ugonjwa wa kuhara uliosababishwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile. Anapoinuliwa, mbeleko inapata alama ndogo ya kinyesi isiyozidi ukubwa wa ukucha. Muuguzi anaifuta kwa karatasi kavu, anavua glovu, kisha anakumbuka kwamba mashine haijatolewa chumbani. Anaishika na kuisukuma hadi chumba cha pili.

Bibi wa chumba cha pili amemaliza siku chache tu tangu atumie dawa za antibiotiki kwa ajili ya kikohozi. Dawa hizo zimeua bakteria wenye madhara, lakini zimeua pia wengi wa bakteria wema wanaokaa katika utumbo na kuwazuia wavamizi. Mkono wake unaupapasa ukingo wa mbeleko. Baada ya dakika ishirini analetewa mkate na chai, naye anaumega mkate kwa mkono uleule. Mlango umefunguliwa.

Bakteria huyu alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935, alipopatikana katika kinyesi cha watoto wachanga, na kwa miaka mingi hakudhaniwa kuwa na madhara makubwa. Ni mwaka 1978 ndipo ilipothibitika kwamba yeye ndiye chanzo cha ugonjwa mkali wa utumbo mkubwa unaowapata watu waliotumia antibiotiki. Silaha yake kubwa ni spora. Mazingira yakiwa mabaya, bakteria hujifungia ndani ya ganda gumu, akakoma kula na kukua, akangoja. Spora haziuawi na spiriti, wala na sabuni, wala na dawa nyingi za kawaida za kufutia.

Si yeye peke yake mwenye subira. Mwaka 2006 wataalamu wa Kijerumani Kramer, Schwebke na Kampf walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu muda ambao vijidudu huweza kuishi juu ya vitu vikavu visivyo na uhai. Walionyesha kwamba bakteria Staphylococcus aureus, pamoja na ile jamii yake iliyo sugu kwa dawa, aweza kudumu kuanzia siku 7 hadi miezi 7. Na spora za Clostridioides difficile zaweza kudumu miezi 5. Basi chombo kilichoachwa stoo kwa juma zima hakijisafishi chenyewe kwa kukaa.

Kwa upande mwingine ipo norovirusi, inayosababisha kutapika na kuhara. Yenyewe huhitaji chembe chache mno ili imwangushe mtu: inakadiriwa kwamba chembe zisizofikia 100 zinaweza kutosha. Katika makao ambamo watu wanakula pamoja na kuhudumiwa na mikono ileile, ugonjwa wa namna hiyo huenea upesi sana. Kijana akitapika siku mbili hupona. Mzee wa miaka themanini aweza kukaukiwa maji mwilini, figo zikashindwa, akafa.

Funzo la Vienna

Wazo kwamba mhudumu mwenyewe aweza kubeba kifo kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine halikukubaliwa kwa urahisi. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aligundua kwamba wazazi waliohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao walikufa kwa wingi kuliko wale waliohudumiwa na wakunga. Madaktari walikuwa wakitoka moja kwa moja katika chumba cha kupasulia maiti. Walinawa kwa sabuni, lakini harufu ya maiti ilibaki mikononi. Semmelweis aliamuru mikono ioshwe kwa maji yenye chokaa ya klorini. Mwaka 1846 wazazi waliokufa katika wodi hiyo walikuwa zaidi ya 11 katika kila 100. Mwaka 1848 walipungua hadi kiasi cha 1 katika kila 100.

Semmelweis hakujua bakteria ni nini, lakini alikuwa ameipata njia. Jambo alilolionyesha kuhusu mikono ni kweli kwa kila chombo kinachotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Kila chombo na daraja lake

Je, ina maana kwamba mashine ya kumwinulia mgonjwa isafishwe kama kisu cha mpasuaji? La. Mtaalamu wa bakteria wa Marekani, Earle Spaulding, aliyefanya kazi Philadelphia, aliweka utaratibu rahisi ambao tangu mwaka 1968 umeenea ulimwenguni kote. Aliugawa ulimwengu wa vyombo vya tiba katika madaraja matatu, kwa kufuata mahali chombo kinapogusa.

Daraja la kwanza ni vyombo vinavyoingia ndani ya mwili usio na vijidudu, kama visu na sindano. Hivi havina budi kuondolewa kila kijidudu, pamoja na spora. Daraja la pili ni vyombo vinavyogusa utando laini wa mwili, kama wa mdomo na koo, au ngozi yenye jeraha. Hivi huhitaji kutakaswa kwa kiwango cha juu. Daraja la tatu ni vyombo vinavyogusa ngozi nzima tu, kama vile kitanda, kiti cha magurudumu, na mashine ya kuinulia. Ngozi nzima ni ukuta imara, kwa hiyo vyombo hivi huhitaji kusafishwa vizuri na, inapolazimu, kutakaswa kwa dawa ya kawaida.

Utaratibu huo una hekima, lakini una mtego pia. Ngozi ya mzee aliyelala muda mrefu si nzima sikuzote. Hupata vidonda vya kulalia mgongoni na makalioni, palepale inapopita mbeleko. Muuguzi mwenye busara hatazami chombo peke yake. Humtazama na yule atakayekitumia.

Kusafisha kwanza, kutakasa baadaye

Maneno mawili hutumiwa ovyo kana kwamba yana maana moja. Kusafisha ni kuuondoa uchafu pamoja na vijidudu vilivyomo. Kutakasa ni kuviua vijidudu vilivyobaki. Ya kwanza ni kazi ya maji, sabuni na mkono. Ya pili ni kazi ya dawa au joto. Utaratibu wake haupinduliwi.

Sababu ya kwanza ni ya kimaumbile. Kinyesi, damu na mafuta ya ngozi hufanya tabaka juu ya chombo, na vijidudu hukaa ndani ya tabaka hilo kama askari handakini. Dawa huua walio juu tu. Sababu ya pili ni ya kikemia. Klorini huua kwa kuzivamia protini za kijidudu na kuziharibu. Lakini haichagui protini. Ya kinyesi au ya damu kwake ni sawasawa na ya bakteria. Ikimwagwa juu ya uchafu, hujitumia yote katika uchafu huo, na bakteria husalimika.

Hesabu ndogo ya mfano inaweza kulifafanua jambo hili. Iwapo mbeleko ina bakteria 1,000,000, na kuosha kukaondoa 99 katika kila 100, watabaki 10,000. Dawa ikiua 999 katika kila 1,000 ya hao, watabaki 10 tu. Lakini endapo dawa imewekwa bila kuosha, na uchafu ukaidhoofisha hata ikaua 9 tu katika kila 10, watabaki 100,000. Dawa ni ileile na gharama ni ileile, lakini waliosalimika ni mara elfu kumi zaidi.

Sabuni nayo ina ufundi wake. Kila molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu unaopenda mafuta. Mikia hujichomeka ndani ya tone la mafuta, vichwa vikabaki nje majini. Tone likazingirwa, likang'oka, likachukuliwa na maji. Mwaka 1959 mkemia wa Kijerumani Herbert Sinner alieleza kwamba kila kazi ya kusafisha hutegemea mambo manne: kemikali, nguvu ya kusugua, joto na muda. Moja likipunguzwa, mengine hayana budi kuongezwa. Anayefua kwa maji ya baridi lazima asugue zaidi au aloweke zaidi. Mbeleko haiwezi kusuguliwa sana bila kuchakaa, ndiyo maana joto na muda huwa na umuhimu mkubwa. Katika huduma za afya za Uingereza nguo zinazofuliwa kwa joto hutakiwa kufika nyuzi 65 za Selsiasi kwa muda usiopungua dakika 10, au nyuzi 71 kwa muda usiopungua dakika 3. Joto likipanda kidogo tu, muda hupungua sana.

Baada ya kufua hufuata jambo linalosahauliwa mara nyingi, nalo ni kukausha. Bakteria wanaopata unyevu, joto na chakula huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Kwa mwendo huo bakteria mmoja, baada ya saa 8, angekuwa na uzao wa 16,777,216. Bakteria aliye mahali pakavu aweza kungoja, lakini hawezi kuzaana. Mbeleko iliyofuliwa vizuri kisha ikakunjwa ikiwa mbichi ni kazi iliyoharibiwa mwishoni.

Dawa, kipimo na muda

Dawa za kutakasia hazilingani kwa uwezo. Spiriti yenye nguvu ya asilimia 60 hadi 80 huua bakteria wengi na virusi vyenye utando wa mafuta, lakini haiui spora, na ni dhaifu mbele ya norovirusi. Dawa za jamii ya chumvi za amoniamu hazina harufu kali wala hazili chuma sana, nazo pia haziui spora. Aidha, hunaswa na nyuzi za pamba, hata kitambaa cha pamba kilicholoweshwa ndani yake hubaki na nguvu nyingi ya dawa badala ya kuiachia kwenye chombo. Klorini huua spora pia, mradi ipewe nguvu na muda wa kutosha, lakini huunguza ngozi, hula chuma na hufifisha rangi.

Klorini ya kufulia inayouzwa madukani mara nyingi ina nguvu ya asilimia 3.5, ingawa ni lazima kibandiko cha chupa kisomwe kila mara. Kwa vyombo vilivyokwisha kusafishwa hutumika sana nguvu ya asilimia 0.1. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya nguvu iliyopo kwa nguvu inayotakiwa, kisha toa 1. Yaani 3.5 ÷ 0.1 ni 35. Toa 1, inabaki 34. Kipimo 1 cha dawa huchanganywa na vipimo 34 vya maji. Penye damu iliyomwagika hutakiwa nguvu ya asilimia 0.5, nayo kwa hesabu hiyohiyo ni kipimo 1 kwa vipimo 6. Mchanganyiko huo hupoteza nguvu kwa mwanga na kwa kukaa, kwa hiyo hutengenezwa upya kila siku.

Dawa yoyote huhitaji muda. Chombo hakina budi kubaki kimelowa kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa. Kikikaushwa mapema kazi haijafanyika. Tena klorini haimwagwi kamwe juu ya mkojo, wala haichanganywi na amonia au siki, kwa maana hutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu. Hapa napo kanuni ni ileile: ondoa uchafu kwanza.

Usafi usioharibu uimara

Hadi hapa ingeonekana kwamba kadiri dawa inavyokuwa kali ndivyo usalama unavyozidi. Sivyo. Mbeleko inabeba mtu mzima hewani, na uhai wake unategemea mishono na vitanzi vya kitambaa. Mbeleko nyingi hufumwa kwa nyuzi za poliesta au nailoni. Nailoni huoza kwa klorini. Poliesta huyeyuka kwa pasi kali. Na mionzi ya jua kali, kwa muda mrefu, huzidhoofisha zote mbili. Mbeleko inayochemshwa na kulowekwa katika dawa kali kila siku inaweza kuwa safi kabisa siku itakapokatika.

Kwa hiyo usafi na uimara huchunguzwa pamoja. Kanuni za Uingereza za mwaka 1998 kuhusu vyombo vya kuinulia zinataka kila chombo kinachoinua watu, pamoja na viambatisho vyake, kikaguliwe na mtaalamu angalau kila baada ya miezi 6. Juu ya hayo, muuguzi huikagua mbeleko kabla ya kila matumizi: je, kuna uzi uliokatika, mshono uliofumuka, kitanzi kilicholika, rangi iliyofifia ghafla? Je, kibandiko chenye maelekezo ya kufulia bado kinasomeka? Mbeleko isiyojulikana jinsi ya kuoshwa haijulikani pia kama ni salama.

Ufumbuzi ulio bora kuliko wote si wa kikemia. Ni kumpa kila mgonjwa mbeleko yake, yenye alama yake, ikafuliwa na kurudishwa kwake mwenyewe. Hapo mashine tu ndiyo inayobaki ya shirika, nayo ni chuma na plastiki, ambavyo hufutika kwa urahisi. Kufuta nako kuna mpango: huanzia juu kwenda chini, na kutoka palipo safi kwenda palipo pachafu, kwa kitambaa kinachokunjwa upya kila upande unapotumika. Vishikio, vibonyezo na upau wa kulabu hufutwa baada ya kila mgonjwa. Magurudumu huachwa mwisho. Na anayefuta hunawa mikono akimaliza, la sivyo atakirudishia kishikio kile alichokiondolea.

Kimulimuli kama mkaguzi

Macho hayatoshi kuhukumu usafi. Njia moja ya kuupima imetoka kwa mdudu anayejulikana na kila mtoto wa kijijini, yaani kimulimuli. Mwaka 1947 mwanasayansi wa Marekani William McElroy alionyesha kwamba mwanga wa kimulimuli hauwezi kuwaka bila kemikali iitwayo ATP, ambayo ndiyo hazina ya nishati katika chembe hai zote. Leo pamba ndogo hupitishwa juu ya kishikio cha mashine, kisha huchovywa katika dawa yenye kemikali za mwanga wa kimulimuli. Kama kuna mabaki ya viumbe, mwanga hutoka, na chombo kidogo cha mkononi huupima kwa sekunde chache. Mwanga ukiwa mwingi, uchafu ni mwingi.

Kipimo hiki hakitaji jina la kijidudu, wala hakioni virusi, ambavyo havina ATP. Kinachopimwa ni uchafu wenye asili ya uhai. Lakini kama ilivyokwisha kuelezwa, huo ndio unaopaswa kuondoka kwanza.

Mahali pasipo na mashine

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki kazi ya kumwinua mgonjwa ingali ikifanywa kwa mikono, shuka na machela, na wazee wengi wasiojiweza hutunzwa nyumbani na watoto na wajukuu wao. Kanuni zilizoelezwa haziondoki kwa sababu mashine haipo. Shuka linaloshikwa pembe nne ili mgonjwa ahamishwe ni mbeleko. Machela inayopokea majeruhi mmoja baada ya mwingine ni mbeleko. Kiti cha magurudumu cha zahanati, ambacho kila mgonjwa hukishika mikononi mwa kiti, nacho kiko katika daraja la tatu la Spaulding.

Tena hapa yapo mambo yanayorahisisha kazi. Shuka la pamba huvumilia yale ambayo poliesta haiwezi: linaweza kuchemshwa, kuanikwa juani na kupigwa pasi ya mkaa. Palipo na uhaba wa maji ya moto, kuloweka kwa muda mrefu zaidi katika maji ya sabuni na kusugua kwa bidii hufidia upungufu wa joto, kama Sinner alivyofundisha. Lipo pia jambo la kuangaliwa sana: mpira wa kufunika godoro. Ukiwa mzima, hufutika. Ukipata tundu, mkojo na damu huingia ndani ya sponji, ambamo hapana kitambaa wala dawa inayofika. Godoro la namna hiyo haliwezi kusafishwa, hubadilishwa.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wanaweza kujionea wenyewe jinsi uchafu unavyoimaliza nguvu ya klorini. Jaribio lifanywe na mwalimu akiwapo, madirisha yakiwa wazi, na klorini isichanganywe na kitu kingine chochote kisichotajwa hapa.

Tengeneza mchanganyiko wa klorini wa asilimia 0.1 kwa kipimo kilichoelezwa. Chukua glasi mbili na uweke mililita 100 za mchanganyiko katika kila moja. Katika glasi ya kwanza ongeza vijiko viwili vya chakula vya maji safi. Katika ya pili ongeza vijiko viwili vya maziwa, ambayo yatasimama badala ya uchafu wenye protini. Koroga, ngoja dakika 10. Kisha tia tone moja la wino wa buluu wa kalamu katika kila glasi, ukoroge tena na kutazama kwa dakika kadhaa.

Katika glasi ya kwanza rangi hufifia na hatimaye kutoweka, kwa sababu klorini ingalipo. Katika ya pili rangi hudumu muda mrefu zaidi. Wanafunzi wajiulize: kama wino ungekuwa bakteria, na maziwa yangekuwa kinyesi, ni glasi ipi ambayo bakteria wangesalimika? Je, ingefaa kuongeza klorini zaidi, au kuondoa maziwa kwanza? Darasa lililo na muda linaweza kurudia jaribio kwa kijiko kimoja, nusu na robo ya maziwa, likachora grafu ya kiasi cha maziwa na muda wa rangi kutoweka.

Hitimisho

Mgonjwa asiyeweza kujiinua hawezi pia kukataa mbeleko chafu. Hana nguvu ya kuikagua, wala ya kusogea kando, wala mara nyingine ya kusema. Amejikabidhi mzima mzima mikononi mwa yule anayemfunga kulabu. Kwa upande wake hatari ni kubwa kuliko kwa mtu mwenye siha, na kwa upande wa mhudumu kinga ni nyepesi: maji, sabuni, mkono unaosugua, dawa iliyopimwa, muda wa kutosha, na jua au hewa ya kukaushia. Hapana hata kimoja kati ya hivyo kisichoeleweka na mwanafunzi wa sekondari. Kinachotakiwa ni kuvifuata kwa utaratibu wake, kila siku, hata pale ambapo chombo kinaonekana kinang'aa na hapana mtu anayetazama.